Kwa nini timu kubwa za baiskeli zinawasajili vijana wa miaka 18

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, yakiwa ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume walio chini ya miaka 23 zilichukuliwa na Lorenzo Finn wa Italia, kijana wa miaka 18 ambaye mwaka mmoja kabla yake alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la vijana mjini Zurich, na miongoni mwa aliowaacha nyuma kwenye vilima vya Kigali walikuwamo watu waliomzidi miaka mitatu na zaidi. Finn hakutokea peke yake. Wenzake wawili waliozaliwa naye mwaka 2006, Paul Seixas wa Ufaransa na Albert Philipsen wa Denmark, walikuwa wameajiriwa tangu mwanzo wa 2025 na timu za daraja la juu kabisa duniani, wakiwa wametoka kwenye mbio za vijana moja kwa moja bila kupita popote katikati.

Kwa msomaji wa Tabora jambo hili lina ugeni wake. Mkoa huu unaijua baiskeli kuliko mikoa mingi: ndiyo inayobeba madumu ya asali kutoka Sikonge na magunia ya mkaa kutoka vijiji vya Uyui, na mjini ndiyo daladala inayomfikisha abiria sokoni. Lakini baiskeli inayojulikana hapa ni chombo cha kazi, na mwendeshaji anayeheshimika ni mtu mzima ambaye miguu yake imekomazwa na miaka ya mizigo. Kwamba timu yenye bajeti ya mamilioni ya yuro imwajiri kijana aliyetoka juzi darasani, ambaye hajawahi kushindana kilomita 200 kwa siku, ni habari inayohitaji maelezo, na maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba vijana wa siku hizi wana kasi kuliko wa zamani, hayatoshi. Timu inapomsajili mtu wa miaka 18 inanunua miaka yake ambayo bado haijafika. Na kwa kuwa miaka hiyo haionekani, inajikuta ikinunua kile kinachoweza kupimwa leo. Mengi ya mazuri na mabaya ya mtindo huu yanatokana na hapo.

Ngazi ilivyokuwa

Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, ambalo hutajwa kwa kifupi kama UCI, huwagawa waendeshaji wa kiume kwa mwaka wa kuzaliwa. Anayetimiza miaka 17 au 18 ndani ya mwaka husika yumo katika daraja la vijana, wa miaka 19 hadi 22 yumo katika daraja la chini ya 23, na kuanzia 23 mtu huhesabiwa kuwa mkubwa. Timu za wanaume nazo zina ngazi tatu, yaani WorldTeam zilizoko juu na ambazo leseni zake ni 18, ProTeam zinazofuata, na Continental zilizoko chini. Kwa miongo kadhaa ile miaka minne ya chini ya 23 ndiyo iliyompika mwendeshaji: alijiunga na klabu ya nyumbani au timu ndogo, akajifunza kukaa ndani ya kundi, kula na kunywa akiwa juu ya baiskeli, kuanguka na kurudi, na akifikisha miaka 22 au 23, timu kubwa ilimchukua ikiwa na ushahidi wa kutosha mkononi.

Umbali wenyewe unaonyesha kwa nini kipindi hicho kilihesabiwa kuwa cha lazima. Katika Kigali mbio za vijana wa kiume zilikuwa za kilomita 119.3, za chini ya 23 zilikuwa za kilomita 164.6, na za wakubwa zilikuwa za kilomita 267.5. Anayeruka kutoka daraja la kwanza kwenda la tatu haongezewi kilomita tu. Mtu aliyezoea kumaliza kazi ndani ya saa tatu na kidogo hupelekwa mahali ambapo kazi yenyewe huanza baada ya saa nne, wakati misuli imekwisha kutumia akiba yake na wenye uzoefu ndipo wanapoongeza mwendo. Mbio za wiki tatu kama Tour de France zina hatua 21, kila moja ikiwa na siku yake, ilhali mbio za hatua za vijana huisha ndani ya siku chache.

Mlango ulivyofunguliwa

Kama kuna mtu mmoja aliyeubadilisha mtazamo wa timu, basi ni Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Alikulia kwenye soka, akapita katika timu za watoto za Anderlecht na PSV, na hakuanza kushindana kwa baiskeli hadi 2017. Mwaka uliofuata alishinda ubingwa wa Ulaya wa vijana kwa tofauti ya zaidi ya dakika 9, jambo ambalo katika mbio za siku moja halina jina lingine isipokuwa fedheha kwa waliobaki, kisha mjini Innsbruck akachukua mataji yote mawili ya dunia ya vijana, la mbio za barabarani na la mbio za kupambana na saa, ambazo kila mtu hukimbia peke yake. Januari 2019 alikuwa mwajiriwa wa timu ya Quick-Step. Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, alishinda mbio za siku moja za San Sebastián nchini Uhispania dhidi ya watu wazima waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo.

Kwa haki yake, Evenepoel alikuta ardhi imekwisha kulainishwa. Egan Bernal wa Kolombia, aliyetokea kwenye baiskeli za milimani na kuchukuliwa na timu ndogo ya Italia akiwa na miaka 19, alishinda Tour de France ya 2019 akiwa na miaka 22, mshindi mdogo zaidi tangu 1909. Tadej Pogačar wa Slovenia alishika nafasi ya tatu katika Vuelta ya 2019, mbio za wiki tatu za Uhispania, akiwa na miaka 20, na mwaka uliofuata akashinda Tour siku moja kabla ya kutimiza miaka 22. Hao wawili, ikumbukwe, walipitia timu ndogo kwanza; Pogačar alikimbia katika timu ya Continental ya Ljubljana na kushinda Tour de l'Avenir, mbio kuu za vijana wa chini ya 23, kabla ya kwenda timu kubwa ya UAE. Lakini wakurugenzi wa timu waliona umri wa mshindi, na njia aliyopitia hawakuitilia maanani sana. Mwaka 2020 timu ya Trek ilimchukua Quinn Simmons wa Marekani, bingwa wa dunia wa vijana wa 2019, na timu ya Ineos ikamchukua Carlos Rodríguez wa Uhispania. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Cian Uijtdebroeks kwenda Bora, na 2023 Joshua Tarling kwenda Ineos. Juan Ayuso, aliyeingia UAE katikati ya 2021 baada ya miezi michache tu ya chini ya 23, alimaliza Vuelta ya 2022 katika nafasi ya tatu kabla hajatimiza miaka 20. Baada ya hapo hapakuwa na mkurugenzi aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mfadhili wake kwamba timu itasubiri.

Kinachopimwa

Timu zisingeweza kuamua mapema hivyo bila chombo kimoja kidogo kinachofungwa kwenye mkono wa pedali au ndani ya pedali yenyewe. Kipimo hicho husoma nguvu ambayo mguu unasukuma na idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha hutoa jibu kwa wati, yaani kipimo cha nguvu. Zamani walikuwa nacho watu wachache. Leo kijana wa kawaida wa Ulaya anayeshindana hana budi kuwa nacho, na kila siku ya mazoezi yake huhifadhiwa kwenye programu ambayo kocha, wakala na timu wanaweza kuifungua.

Namba inayotafutwa ni wati kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na muda ambao mtu anaweza kuzishikilia. Wanaogombea ushindi wa Tour de France hutoa takribani wati 6 kwa kilo, na mara nyingine zaidi, kwa nusu saa au zaidi ya kupanda mlima. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni wati 360 mfululizo. Kijana wa miaka 17 anapoonyesha namba inayokaribia hapo, timu haimwoni tena kama mshindi wa mbio fulani za mkoa. Inamwona kama mtu ambaye tayari amesimama mlangoni pa daraja la juu na bado ana miaka minane au kumi ya kukua. Namba hiyo pia inafuta shaka ya zamani iliyowasumbua wasaka vipaji, kwamba ushindi wa vijana hautafsiriki kwa kuwa hujui walioshindwa walikuwa na uwezo gani. Wati ni wati, iwe mtu ameshinda au amekuwa wa ishirini.

Hata hivyo, namba haisemi kila kitu, na hapa nadhani timu zinajidanganya kidogo. Kipimo cha dakika 20 cha mtu aliyelala vizuri hakielezi atakachotoa baada ya saa tano za mvua, wala hakielezi kama anajua kusoma kundi, kujikinga na upepo wa ubavuni, au kushuka mlima bila kushika breki kwa woga. Mambo hayo ndiyo yaliyokuwa yakifundishwa katika ile miaka minne inayorukwa.

Kuna badiliko jingine dogo la kanuni ambalo limelisogeza daraja la vijana karibu na la wakubwa, nalo linaeleweka vizuri zaidi ukisimama kwa fundi baiskeli. Geuza Phoenix miguu juu na uzungushe pedali mara moja taratibu. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na friwili ina meno 20. Gurudumu la nyuma litazunguka mara mbili na kidogo chini ya nusu, na kwa kuwa mzingo wa gurudumu ni kama mita 2.2, baiskeli ingesogea karibu mita 5.3. Kwa miaka mingi vijana wa UCI waliwekewa ukomo wa mita 7.93 kwa mzunguko mmoja wa pedali, ambao ni sawa na meno 52 mbele na 14 nyuma, wakati wakubwa wanaweza kutumia 54 kwa 11 na kusogea zaidi ya mita 10. Hoja ya ukomo huo ilikuwa kulinda magoti yanayokua na kumlazimisha kijana ajifunze kuzungusha miguu haraka badala ya kukandamiza gia nzito. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2023. Tangu hapo kijana anakimbia kwa gia zilezile za wakubwa, mwendo wake wa mteremko na wa tambarare unalinganishika na wao, na msaka vipaji amepunguziwa sababu moja zaidi ya kungoja.

Bei na hofu

Fedha ni sehemu iliyo rahisi kueleza. Anayeingia kwa mara ya kwanza katika ngazi mbili za juu akiwa bado kijana hupewa mkataba usiopungua miaka miwili, na kima chake cha chini cha mshahara ni kidogo kuliko cha aliyekwisha kuzoea. Kwa timu, bingwa wa vijana ana gharama ndogo mno ukimlinganisha na mshindi aliyethibitika, ambaye timu tajiri huweza kumlipa mamilioni ya yuro kwa mwaka. Ukiwasajili vijana watano na mmoja tu akawa bingwa, hesabu inaweza kuwa imelipa. Wale wanne hawamo katika hesabu hiyo, na hapo ndipo mtu mwenye mtoto anapaswa kusoma kwa makini. Mikataba ya wenye vipaji nayo huwa mirefu, ya miaka minne au mitano, kwa sababu faida ya timu iko mwishoni mwa mkataba na haiko mwanzoni.

Halafu iko hofu. Leseni za WorldTeam hutolewa kwa vipindi vya miaka mitatu, na tangu kipindi cha 2020 hadi 2022 pointi za michezo huamua nani abaki na nani ashuke. Timu inayotishwa na kushuka hutafuta pointi popote, na kijana mwenye uwezo wa kushinda mbio ndogo mara kadhaa kwa mwaka ana thamani kuliko mzee mwenye heshima anayemaliza wa kumi na tano. Lakini hata timu zisizo na wasiwasi wa kushuka zinasajili mapema, kwa sababu zisiposajili zitasajili nyingine. Soka ina utaratibu wa FIFA wa fidia ya malezi, ambao humfanya anayemchukua kijana amlipe aliyemlea. Baiskeli kwa muda mrefu haikuwa na kitu kama hicho, kwa hiyo klabu ya mtaani iliyomnunulia mtoto viatu na kumpeleka mashindanoni tangu ana miaka 12 iliweza kumpoteza bila kupata hata tairi. Katika mazingira hayo anayesubiri huadhibiwa na anayewahi hazuiwi na chochote, na kila timu ikishalielewa hilo, umri wa kusajili hushuka wenyewe bila mtu yeyote kuamua kwamba ni jambo jema.

Njia ya katikati

Timu kubwa zimejaribu kujibu lawama kwa kuanzisha timu za kukuzia vipaji chini ya mwamvuli wao. Kanuni zinaruhusu WorldTeam kuwa na timu ya Continental ya namna hiyo, na waendeshaji kupanda au kushuka kati ya hizo mbili kwa baadhi ya mbio, kiasi kwamba kijana anaweza kuonja kundi la wakubwa kisha akarudi kushindana na wa rika lake. Finn alichukua njia hii: baada ya Zurich hakupandishwa moja kwa moja, bali aliwekwa katika timu ya vijana ya Red Bull–Bora–hansgrohe, na jezi ya bingwa wa dunia aliyoivaa Kigali alikuja kuipata akiwa huko. Philipsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 2023 akiwa na miaka 16, alikwenda moja kwa moja Lidl–Trek. Seixas, bingwa wa vijana wa mbio za kupambana na saa wa 2024, aliingia moja kwa moja katika timu kuu ya Decathlon AG2R La Mondiale, akamaliza wa nane katika Critérium du Dauphiné, mbio za hatua za Ufaransa, ya Juni 2025, akashinda Tour de l'Avenir ya Agosti, na Oktoba akapanda jukwaani katika ubingwa wa Ulaya nyuma ya Pogačar na Evenepoel.

Seixas ni hoja nzito kwa wanaoutetea mtindo huu, na mtu hawezi kuikwepa kwa kusema amebahatika. Ila tuangalie alikotoka. Alikuwa tayari katika timu ya vijana ya AG2R, yenye makocha na wataalamu wa lishe, kabla ya kusaini mkataba mkubwa. Maana yake ni kwamba ngazi haijafutwa, imesogezwa chini. Mafunzo yaliyokuwa yakitolewa kati ya miaka 19 na 22 sasa yanatolewa kati ya 16 na 18, ndani ya timu za vijana zilizofungamana na timu kubwa, na mawakala wanazunguka kwenye mbio za watoto ambao bado hawana leseni ya gari. Asiyekuwamo humo akiwa na miaka 17 hachelewi kwa mwaka mmoja tu. Amekosa darasa zima.

Kwa wanawake hadithi ina sura yake. Huko daraja la chini ya 23 lilikuwa dhaifu kiasi kwamba kutoka vijana kwenda kwa wakubwa ndiyo ilikuwa kawaida, na Kigali ndipo mashindano ya dunia yalipowapa wanawake wa chini ya 23 mbio zao wenyewe kwa mara ya kwanza, badala ya kuwahesabia ushindi ndani ya mbio za wakubwa. Kwa hiyo wakati upande wa wanaume unairuka ngazi iliyopo, upande wa wanawake ndio kwanza unaijenga.

Gharama zinazolipwa na kijana

Ajali haichagui umri, lakini kijana anayepanda haraka hukutana nayo mahali penye kasi kubwa kuliko alivyozoea. Agosti 2020 Evenepoel, akiwa na miaka 20, aligonga ukuta wa daraja katika mteremko wa Giro di Lombardia, akaangukia bondeni na kuvunjika nyonga, na hakurudi mashindanoni hadi Mei 2021. Alipona na baadaye akashinda Vuelta na ubingwa wa dunia mwaka 2022, kisha medali mbili za dhahabu za Olimpiki mjini Paris mwaka 2024. Hata hivyo mtu asiyekuwa Evenepoel, mwenye mkataba wa miaka miwili tu, angetumia zaidi ya theluthi ya mkataba wake kitandani na katika mazoezi ya kurudisha mwili.

Mikataba mirefu nayo ina miiba yake. Desemba 2023 Uijtdebroeks alitangazwa kuwa mwendeshaji wa Visma wakati Bora ikisisitiza kwamba bado ana mkataba nao hadi mwisho wa 2024, na suala likaenda kwa wanasheria kabla ya kumalizika kwa makubaliano. Mtu anayesaini akiwa na miaka 18 anasaini kwa niaba ya mtu wa miaka 22 ambaye bado hajamfahamu.

Kisha kuna suala la ukuaji, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kwa kuwa madaraja hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba hushindana kama watu wa umri mmoja, na aliyebalehe mapema humzidi nguvu mwenzake aliyechelewa hata kama uwezo wao wa mwisho ni sawa. Kipimo cha wati hakitofautishi kati ya kipaji na kubalehe mapema. Primož Roglič, aliyeshinda Vuelta nne na Giro, mbio za wiki tatu za Italia, moja, alikuwa mchezaji wa kuruka kwa skii kwenye theluji na hakushika baiskeli ya mashindano hadi karibu 2012, akiwa amekwisha kupita miaka 20. Jonas Vingegaard, mshindi wa Tour ya 2022 na ya 2023, alikuwa akifanya kazi asubuhi kwenye mnada wa samaki katika mji wa Hanstholm kabla Jumbo–Visma haijamchukua akiwa na miaka 22. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeonekana katika orodha za leo za watoto wa miaka 17.

Mwafrika anaingilia wapi

Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundishwa na David Kinjah katika kijiji kilicho karibu na mji wa Kikuyu pamoja na vijana wa kikundi cha Safari Simbaz, na alipoingia timu ya Barloworld mwaka 2008 alikuwa anakaribia miaka 23. Tour yake ya kwanza aliishinda mwaka 2013, akiwa na miaka 28. Mtu wa aina hiyo leo angefika mlangoni akakuta nafasi zimekwisha kugawiwa.

Lakini mfano unaofundisha zaidi ni wa Biniam Girmay wa Eritrea, kwa sababu yeye na Evenepoel walizaliwa mwaka mmoja, 2000. Februari 2018 Girmay alichukua mataji ya vijana katika ubingwa wa Afrika uliofanyika Kigali, na katika msimu huohuo, mbele ya Evenepoel mwenyewe, akashinda hatua ya mbio za vijana nchini Ubelgiji. Mwaka 2019 Mbelgiji alikuwa timu ya juu kabisa. Girmay alibaki katika kituo cha mafunzo cha UCI kilichoko Aigle, Uswisi, akaenda 2020 katika timu ya Delko ya daraja la pili, na hakufika daraja la juu hadi Agosti 2021, timu ya Delko ilipokuwa imeyumba kifedha. Miezi saba baadaye alishinda Gent–Wevelgem, mbio kubwa za siku moja za Ubelgiji, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani ya pointi, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Sidai kwamba wawili hao walikuwa sawa wakiwa na miaka 18. Evenepoel alikuwa ametawala mwaka mzima, wakati Girmay alikuwa na matokeo machache tu Ulaya. Ila uchache huo ndio wenyewe unaozungumzwa hapa. Timu haikuweza kununua ilichokuwa haijakipima, na Mwafrika hupimwa mara chache kwa sababu mbio, vifaa na viza viko mbali naye.

Ukiyaleta hayo Tabora, vikwazo vinajipanga kwa utaratibu wake. Katika mashindano ya sherehe huku kwetu vijana hufika na Phoenix zilizong'olewa keria na madigadi, na wenye baiskeli za gia ni wachache. Barabara si tatizo: lami ya kwenda Urambo na ya kwenda Nzega ni tambarare ndefu, na mji uko katika mwinuko wa takribani mita 1,200, ambao unafaa kabisa kwa mazoezi. Nguvu nayo haikosekani kwa kijana aliyekua akivuta magunia. Kinachokosekana ni rekodi. Kipimo cha wati kinauzwa kwa mamia ya dola, baiskeli zinazotumiwa na timu kubwa huzidi yuro 10,000, na mbio zinazohesabiwa na UCI haziji Tabora. Kijana mwenye mapafu makubwa kuliko wote wa Kaliua anaweza kufikisha miaka 20 bila kuwapo hata namba moja inayomhusu mahali ambapo timu inaweza kuisoma.

Rwanda ilishughulikia hilo kwa kuanzia nyumbani. Tour du Rwanda ilianza 1988, ikaingia katika kalenda ya UCI mwaka 2009, na huleta timu za Ulaya kushindana na vijana wa Musanze na Rwamagana kwenye barabara zao wenyewe, kiasi kwamba kijana hupimwa bila kuomba viza. Kwa Tanzania kazi hiyo iko mikononi mwa chama cha baiskeli, CHABATA, na hatua iliyo karibu kuliko zote ni kupeleka kikosi cha daraja la vijana katika ubingwa wa Afrika kila mwaka, kwa kuwa huko ndiko kituo cha Aigle kinakoweza kumwona mtu. Kalenda haina huruma katika jambo hili. Mtoto wa Tabora aliyezaliwa 2010, awe amezaliwa Januari au Desemba, ataingia daraja la vijana tarehe 1 Januari 2027 na kutoka tarehe 31 Desemba 2028. Ndani ya misimu hiyo miwili anahitaji leseni, pasipoti, baiskeli ya gia, na angalau mbio moja ambayo matokeo yake yanaandikwa na UCI.